Kutaja vyanzo Wikipedia: Lisemwalo halina budi kuonyeshwa lilikotoka

WAHENGA walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hiyo huenda ikafaa barazani, lakini katika uandishi wa kamusi elezo ya Wikipedia haina nafasi. Huko, lisemwalo halihesabiwi kuwa lipo mpaka aliyeliandika aonyeshe lilikotoka: ni kitabu gani, gazeti la tarehe gani au ripoti ya shirika lipi.

Wikipedia ilianzishwa na Jimmy Wales na Larry Sanger nchini Marekani mnamo Januari 15, 2001. Toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka wa 2003. Ensaiklopidia za zamani ziliandikwa na wataalamu walioteuliwa kwa kazi hiyo. Wikipedia huandikwa na watu wa kujitolea, na wengi wao hutumia majina ya kubuni. Kwa hivyo ni vigumu kwa msomaji kupima elimu ya mwandishi. Analoweza kuuliza ni jambo lenyewe limetoka wapi, na jibu la swali hilo ni tanbihi zilizoorodheshwa chini ya makala.

Kanuni tatu

Uandishi wa kamusi elezo hii umejengwa juu ya kanuni tatu. Ya kwanza ni kwamba habari yoyote inayoweza kutiliwa shaka sharti iweze kuthibitishwa katika chanzo kilichochapishwa. Ya pili ni kwamba mhariri haruhusiwi kuchapisha utafiti wake mwenyewe, wala kuunganisha vyanzo viwili ili kuzua hoja ambayo hakuna hata kimoja kati yavyo kilichoitoa. Ya tatu ni kwamba makala yasiegemee upande mmoja, bali kila rai ipewe nafasi kulingana na uzito wake katika vyanzo vya kutegemewa.

Jukumu la kutoa ushahidi ni la anayeongeza habari, si la anayeipinga. Sentensi isiyo na chanzo yaweza kuwekewa alama ya kuomba ushahidi, au kufutwa. Kuhusu watu walio hai, habari ya kumchafulia mtu jina ambayo haina chanzo huondolewa papo hapo.

Gharama ya kupuuza

Ukali huo haukuja bure. Mnamo Mei 2005, mtu asiyejitambulisha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani, aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya Rais John F. Kennedy na nduguye Robert. Ukweli ni kwamba Seigenthaler alikuwa msaidizi na rafiki wa Robert Kennedy. Uongo huo, ambao haukuwa na tanbihi yoyote, ulikaa kwa zaidi ya miezi minne. Novemba mwaka huo Seigenthaler alieleza uchungu wake katika gazeti la USA Today, na mwezi uliofuata Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia watu wasiojisajili kuanzisha makala mapya.

Magazeti nayo hayakusalimika. Mtunzi wa muziki wa filamu, Maurice Jarre wa Ufaransa, alipofariki mnamo Machi 2009, mwanafunzi mmoja nchini Ireland aliingiza katika makala yake maneno ya kubuni yaliyodaiwa kuwa ya marehemu. Wahariri wa Wikipedia waliyaondoa kwa sababu hayakuwa na chanzo. Hata hivyo, waandishi wa magazeti ya nchi kadhaa, The Guardian la Uingereza likiwemo, walikuwa tayari wameyanakili katika tanzia zao.

Kisa cha Ujerumani kinatisha zaidi. Mnamo Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteuliwa kuwa waziri wa uchumi, mtu fulani aliongeza jina la Wilhelm katika msururu mrefu wa majina yake. Magazeti yalilichapisha bila kuuliza. Wahariri wa Wikipedia walipodai ushahidi, walionyeshwa magazeti hayo hayo. Uongo ukawa shahidi wa uongo, na methali ya wahenga ikatimia kwa ubaya: lisilokuwepo likaja.

Chanzo cha kutegemewa ni kipi?

Chanzo cha kutegemewa ni kile chenye wahariri au wakaguzi, chenye sifa ya kusahihisha makosa yake, na kisicho na maslahi katika jambo linaloelezwa. Mifano ni vitabu vya wachapishaji wanaoheshimika, majarida ya kitaaluma na magazeti yenye wahariri makini. Matangazo ya biashara, blogu za watu binafsi na uvumi wa mitandao ya kijamii havihesabiwi. Wikipedia yenyewe pia si chanzo cha makala ya Wikipedia.

Umaarufu peke yake hautoshi. Mnamo Februari 2017, wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waliafikiana kwamba gazeti la Daily Mail la Uingereza, licha ya kuwa na wasomaji wengi, kwa jumla lisitumiwe kama chanzo.

Aidha, chanzo hupimwa kulingana na jambo linaloandikwa. Anayetaja idadi ya Wakenya ataitegemea ripoti ya sensa ya 2019 ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, iliyohesabu watu 47,564,296, na ataandika mwaka huo kando ya idadi. Anayeandika kuhusu uteuzi wa afisa wa serikali atatafuta toleo husika la Gazeti Rasmi la Kenya. Lakini akitaka kueleza kwa nini afisa huyo aliteuliwa, hati hiyo haitamfaa. Atahitaji uchambuzi wa mwanahistoria au mwandishi huru.

Namna ya kutaja

Tanbihi huwekwa mara tu baada ya maneno inayoyathibitisha, wala si mwishoni mwa aya ndefu yenye mambo kumi tofauti. Itaje jina la mwandishi, kichwa cha andiko, mchapishaji, mwaka, na nambari ya ukurasa iwapo ni kitabu. Ikiwa ni tovuti, tarehe ya kuisoma iongezwe, na ni busara kuhifadhi nakala ya ukurasa katika hifadhi ya Internet Archive kwa kuwa anwani nyingi huacha kufunguka baada ya muda.

Mhariri ataje tu alichokisoma yeye mwenyewe. Akikuta dai katika kitabu kinachonukuu kingine, aeleze hivyo. Kadhalika, ni kosa kudhani kwamba lazima chanzo kipatikane kwenye intaneti. Gazeti la 1965 lililomo maktabani lakubalika, na kitabu cha Kiswahili kinaweza kutajwa hata katika makala ya Kiingereza.

Suala letu

Jambo hili lawagusa Wakenya moja kwa moja. Mnamo Machi 2010, video ya wimbo Ha-He wa kundi la Just a Band ilimfufua Makmende, shujaa wa utani wa mitaani, na vichekesho kumhusu vikaenea kote mtandaoni. Makala yaliyoandikwa kumhusu katika Wikipedia ya Kiingereza yalifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa. Yalipata nguvu baada ya vyombo vya habari vya kigeni, CNN miongoni mwavyo, kuripoti habari hiyo ambayo Wakenya walikuwa wakiijua tayari.

Ugumu ni mkubwa zaidi kwa elimu inayohifadhiwa vichwani mwa wazee. Mnamo 2011 mradi mmoja ulirekodi masimulizi ya watu nchini India na Afrika Kusini ili yatumiwe kama vyanzo, lakini kanuni ya kudai chanzo kilichochapishwa ingali pale pale.

Kwa hivyo, anayetaka historia ya kijiji chake, mila za jamii yake au sifa za mshairi wa kwao zisomwe duniani asianzie kwenye kompyuta. Aanzie maktabani na katika makavazi, atafute waliokwisha kuandika, na asipowapata, awahimize walimu na watafiti wayakusanye masimulizi hayo na kuyachapisha. Yakishachapishwa, atakuwa na chanzo cha kutaja, na atakayedai makala yafutwe ataonyeshwa kitabu na ukurasa.