Fuvu Miguuni pa Mabalozi

Miongoni mwa picha za kale za Ulaya zilizowashughulisha wenye akili kwa mafumbo yake, mojawapo kubwa ni ile iitwayo Mabalozi, aliyoichora Hans Holbein mjini London mwaka 1533, juu ya mbao za mwaloni zinazozidi mita mbili kwa kimo na kwa upana, nayo hivi leo imehifadhiwa katika National Gallery ya mji huo huo.

Wamesimama humo wanaume wawili. Wa kushoto, aliyejifunika joho la manyoya, ni Jean de Dinteville, balozi wa Mfalme wa Ufaransa, ambaye umri wake wa miaka 29 umeandikwa katika ala ya jambia lake. Na wa kulia ni sahibu yake Georges de Selve, Askofu wa Lavaur, mwenye miaka 25, kwa mujibu wa maandishi ya kitabu alichokiegemea. Majina yao yalikuwa yamekwisha sahaulika, hata bibi mmoja mtafiti, Mary Hervey, akayathibitisha mwaka 1900.

Baina yao pana rafu mbili: ya juu imetandikwa zulia la Kituruki, na juu yake pana tufe la nyota na ala za falaki; ya chini ina tufe la dunia, kitabu cha hesabu, filimbi, na ala ya nyuzi iliyo jamaa ya udi tuujuao katika taarabu. Aghalabu watazamaji huvidhania vitu hivi kuwa ni fahari ya elimu tu. Lakini uzi mmoja wa ala ile umekatika, kitabu cha hesabu kimefunuliwa penye somo la kugawanya, na kando yake pana kitabu cha nyimbo za wafuasi wa Martin Luther, mpinzani wa Papa. Naye Alciato, mwanachuoni wa Italia, katika kitabu chake cha mafumbo cha mwaka 1531, alikuwa amekwisha ufananisha mkataba wa wafalme na ala kama hiyo, ambayo uzi mmoja ukikatika sauti zote huharibika. Basi mtu akikumbuka kwamba mwaka ule ule wa 1533 Mfalme Henry VIII wa Uingereza alimwoa Anne Boleyn bila ya ridhaa ya Papa, na kwamba Wakristo wa Ujerumani walikuwa wamekwisha farakana, hatakosa kutambua kwamba mchoraji ameandika humo tarehe ya zama zake.

Lakini ajabu kubwa imo miguuni mwao: umbo refu, lililopinda, lisilofahamika kwa anayelikabili, ambalo mtu akisogea upande wa kulia, karibu na ukuta, hulitambua kuwa ni fuvu la binadamu, na hapo mabalozi na ala zao huwa wamepotoka machoni pake. Haiwezekani kuitazama dunia na mauti sawasawa kutoka mahali pamoja. Hata hivyo, katika pembe ya juu kushoto, nyuma ya pazia la kijani, imechomoza nusu ya msalaba, ambao kwa Wakristo ndio rajua ya baada ya mauti.

Kwa hiyo, mfasiri wa ishara asianze na dhana zake, bali aanze na habari za mwaka ulioizaa picha. Maana ishara zilizong'olewa katika zama zake huweza kusemeshwa lolote, ilhali zikirudishwa kwao husema jambo moja, nalo ni kwamba elimu na jaha havikuweza kuwaepusha watu wale na mfarakano wala na kifo.