Neno la siri la Jeep

Jana kompyuta ya maabara imenigomea tena: badilisha neno la siri! Mwezi wa tatu mfululizo. Nikaongeza 3 mwishoni, na najua nanyi ndivyo mnavyofanya.

Amri hii ina mwenyewe. Mwaka 2003 Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, aliandika mwongozo: changanya herufi, namba na alama, badilisha mara kwa mara. Watu kibao wakafuata. Mwaka 2017 akakiri anajuta, na NIST wenyewe wakaachana na masharti hayo.

Sasa cheki magari. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliichokonoa Jeep Cherokee. Neno la siri la waifai yake lilitungwa na gari lenyewe kwa kufuata saa, ila kabla saa haijarekebishwa, hivyo gari likadhani ni tarehe 1 Januari 2013. Ukibahatisha mara chache tu, umeingia! Upande wa mtandao wa simu ndio kichekesho: mlango ulikuwa wazi, hauulizi neno lolote. Wakiwa nyumbani wakalikata nguvu gari likiwa barabara kuu ya St. Louis, mwandishi Andy Greenberg kwenye usukani, lori linamjia nyuma. Kampuni ikatangaza kurekebisha magari milioni 1.4, wenye magari wakatumiwa flashi kwa posta, wajirekebishie.

Mwenye Jeep angeongeza namba gani mwishoni, jamani? Mimi mwezi ujao naweka 4.