Nyota ya Przybylski, ile iliyoleta ubishi

Leo desa tuliweke pembeni kidogo, niwape stori ya nyota moja yenye vituko. Kwenye orodha za wanaanga inaitwa HD 101065, iko anga ya kusini kwenye kundi la Kantarusi. Kwa macho matupu huioni, ila darubini ndogo tu inatosha.

Mwaka 1961 Antoni Przybylski (jaribu "Pshibilski", usivunje ulimi), Mpolandi aliyehamia Australia baada ya vita, alitangaza maajabu yake. Kwa kawaida ukiuchambua mwanga wa nyota ya aina hiyo, mistari ya chuma imejaa tele. Yeye akakuta ya chuma haionekani vizuri, halafu ya holmi na ndugu zake, zile elementi za mistari ya chini ya jedwali ambazo wengi wetu tunazirukaga, imejaa kibao! Wenzake wakagoma. Nyota isiyo na chuma? Ubishi ukaenda miaka, na mwishowe ikaonekana chuma kimo, ila kidogo sana.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba usumaku mkali unaituliza hewa ya juu ya nyota. Hapo sasa mwanga unaotoka ndani unazisukuma juu atomu zinazoumeza sana, nyingine zinazama. Kwa hiyo tunachokiona ni ngozi tu, sio nyota nzima.

Halafu 1978 Donald Kurtz akaielekezea darubini pale Sutherland, Afrika Kusini, kwenye nyika kavu ya Karoo. Nyota za namna hii zilidhaniwa hazitikisiki kabisa. Akakuta mwanga unapanda na kushuka kila baada ya dakika 12 hivi, kwa kama asilimia 1 tu. Nyota nzima inapumua ndani ya muda wa kusubiri daladala! Mwaka 1982 akaeleza kwamba mtikisiko unafuata mhimili wa sumaku, ambao umeinama ukilinganisha na ule wa mzunguko. Leo zinajulikana nyota za aina hiyo makumi kwa makumi.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka 2004 Charles Cowley na wenzake walisema wameona dalili za promethi humo. Promethi haidumu jamani, hata aina yake inayokaa sana hupungua nusu kwa miaka isiyofika 18, wakati nyota ina umri wa mamilioni mengi. Kama imo kweli, basi kuna kitu kinaitengeneza sasa hivi, na hakuna anayekijua. Mimi niko upande wa wenye mashaka. Mistari ya nyota hiyo imebanana kama abiria wa asubuhi, na mingi haijapimwa vizuri maabara, kwa hiyo mmoja kuangukia penye promethi kwa bahati sio ajabu. Watu wa maabara ndio watakaotukatia hili shauri, sio wenye darubini.