Kutoka Mwano Hadi 115: Nani Anafika Kwanza Kijijini

Ndugu wanachama wenzangu, na ninyi mnaotuunga mkono, historia ya hisa na mikopo mtaikuta kwa katibu. Mimi naandika juu ya ile hela ndogo tunayoiweka pembeni kila kikao, yaani mfuko wa jamii. Baadhi yenu mnauliza ina kazi gani wakati siku hizi kuna namba ya kupiga bure.

Zamani huku Usukumani namba yetu ilikuwa mwano. Nyumba ya nyasi ikishika moto, au ng'ombe wakiibwa usiku, mtu anapiga ukelele, jirani anaupokea, wa ng'ambo naye anaupokea, basi kila mwenye nguvu anatoka. Wengine na ndoo, wengine na matawi mabichi ya kupigia moto. Mgonjwa alibebwa kwa machela ya miti au mkokoteni wa ng'ombe, baadaye kwa baiskeli. Mshahara hakuna. Baada ya vita vya Kagera wizi wa ng'ombe ulizidi, na mwaka 1982 vijiji vya Kahama na Nzega vikaupanga mwano ukawa sungusungu. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini tusisifu tu. Umoja huohuo wa kijiji uliwageukia pia vikongwe wenye macho mekundu, wakaitwa wachawi, kumbe ni moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Mkoa wa Shinyanga umepoteza akina mama wengi hivyo, na sisi wanawake tusiache kulisema.

Kwa wachimbaji nako ni vilevile, wa kwanza kufika ni mwenzako. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, watu sita walifukiwa chini. Mmoja alifia humo. Watano walikaa siku 41, wakila mende, vyura na magome, mpaka wachimbaji wenzao waliposikia sauti zao. Walitolewa hai Novemba.

Sasa hiyo 115. Mpango unaitwa m-mama. Ulianza mwaka 2013, ukajaribiwa Sengerema na huku kwetu Shinyanga kwa msaada wa Vodafone Foundation, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua uende nchi nzima. Mama mwenye dharura au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bure. Anayepokea anauliza dalili, anaamua apelekwe kituo gani. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anaitwa dereva wa jamii, mtu wa hapahapa mwenye gari lake, aliyeandikishwa mapema. Mama halipi nauli. Dereva akimfikisha, malipo yake yanaingia kwenye simu. Kwa kweli waliobuni waliona mbali: gari kijijini lilikuwepo siku zote, kilichokosekana ni nani amlipe mwenye gari saa nane za usiku.

Ila 115 ni ya mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka mitatu aliyemwagikiwa uji wa moto si wake. Bibi aliyevunjika nyonga si wake, wala kijana aliyeangukiwa na mawe duarani. Zimamoto wana 114, na ni askari hodari, lakini gari lao liko mjini, na paa la nyasi halingoji lami.

Hao ndio kazi ya mfuko wa jamii. Na hapa nina neno. Hela ya jamii inalala ndani ya sanduku letu lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu, nyumba tatu tofauti. Kwa mikopo ni sawa, kufuli hizo zimetulinda miaka yote kumi. Kwa dharura, mtu azunguke nyumba tatu gizani huku mtoto analia?

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha mzunguko mpya naleta hoja. Sehemu ya jamii itoke sandukuni, ikae kwenye laini ya simu ya kikundi kwa mweka hazina, kwa kiwango tutakachokubaliana, na kila inapotoka isomwe kikaoni. Pia tupatane mapema na wenye magari na bodaboda wa hapa kijijini juu ya nauli ya usiku, na majina yao yabandikwe ndani ya mfuniko wa sanduku na mlangoni kwa kila mwanachama. Wawili nimeshaongea nao, wamekubali.