Makumbusho na Milango Yake Mitatu

Nasaba ya neno makumbusho ni fupi: kumbuka limezaa kumbusha, na kumbusha likazaa makumbusho. Wazungu walipita njia nyingine. Jina walitumialo latokana na neno la Kiyunani, mouseion, yaani maskani ya Muse, miungu wa kike tisa wa ushairi na sanaa. Hata hivyo, Wayunani walisimulia kwamba mama wa hao tisa ni Mnemosyne, na jina hilo maana yake ni Kumbukumbu. Njia mbili, kisima kimoja. Kwa asili yake, basi, nyumba hiyo ni ya washairi pia.

Nililitafakari jambo hilo niliposoma historia ya Metropolitan Museum of Art ya New York. Ilianzishwa mwaka 1870, bila jengo na bila hata kazi moja ya sanaa. Mwaka 1880 ilihamia Central Park. Waasisi walinuia kuuelimisha umma, lakini mlango ulifungwa kila Jumapili, siku pekee ambayo kibarua alikuwa na nafasi. Wapo waliosema kuufungua ni kuivunjia heshima siku ya ibada. Umma ulidai, magazeti yakadai, na mwaka 1891 mlango ukafunguliwa.

Mlango wa pili ni intaneti. Mwaka 2000 makumbusho hayo yalianzisha Heilbrunn Timeline of Art History, historia ya sanaa ya dunia iliyopangwa kwa zama na mahali. Februari 2017 yakaachilia picha zaidi ya 375,000 za kazi zisizofungwa na hakimiliki. Yeyote aweza kuzipakua na kuzichapisha, bila kuomba ruhusa wala kulipa. Mimi niliyewafundisha walimu kwa chaki na ubao naijua thamani ya zawadi hiyo.

Umebaki mlango wa tatu, nao ni lugha. Maelezo ya vitu hivyo yameandikwa kwa Kiingereza, na kuyafasiri si kazi ya kamusi peke yake. Chukua kifuniko cha uso kilichochongwa kwa mti. Tukiite kinyago au barakoa? Kinyago hubeba pia sanamu nzima ya kuchonga. Barakoa humpeleka msomaji wa pwani kwenye vazi la uso la wanawake, na kijana wa leo kwenye kinga ya maradhi. Mwenye kuamua hapo ni mtu aijuaye lugha kwa ndani.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu wapenzi wa Kiswahili: kila mmoja achague picha moja, aitazame kwa utulivu, kisha aieleze kwa nathari au kwa beti, na kulijadili kila jina analolitumia. Mlango wa Jumapili watu wa New York waliudai kwa wengine. Huu wa lugha, ufunguo tunao wenyewe, na tusipoutumia wanafunzi wetu wataendelea kutazama picha zisizosema nao.