Ford Model T na Ford Mustang

Ford Model T na Ford Mustang ni magari mawili mashuhuri ya kampuni ya Ford ya Marekani. La kwanza lilitengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927. La pili lilizinduliwa mwaka 1964. Yote mawili yalikusudiwa watu wa kipato cha kawaida, lakini kwa njia tofauti: Model T lilikuwa rahisi kwa sababu magari yote yalifanana, ilhali Mustang lilivutia kwa sababu kila mnunuzi aliweza kuchagua lake.

Model T

Model T lilikuwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 2.9 na nguvu farasi 20. Mwanzoni liliwashwa kwa kuzungusha mpini mbele ya gari. Pedali ya kushoto ilikuwa ya gia, ya kati ya kurudi nyuma, ya kulia ya breki; mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa wenzo uliokuwa chini ya usukani.

Mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park, Michigan, kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaosogea. Muda wa kuunganisha chasisi moja ulipungua kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja na nusu. Bei ya dola 850 ya mwaka 1908 ilishuka chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari lilipatikana kwa rangi nyeusi tu.

Magari zaidi ya milioni 15 yalitengenezwa. Hata hivyo wanunuzi walianza kutaka rangi, starehe na maumbo mapya, na wengi wakahamia Chevrolet.

Mustang

Mustang lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York. Lee Iacocca alikuwa miongoni mwa viongozi wa mradi huo. Bei ilianzia dola 2,368. Mnunuzi alichagua injini ya silinda sita au V8, gia za mkono au za otomatiki, rangi na vifaa vya ziada. Zaidi ya magari 400,000 yaliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Ulinganisho

Mustang halikuacha mbinu ya Model T. Sehemu zake nyingi zilitoka kwenye Ford Falcon, gari la bei nafuu lililokuwa tayari likitengenezwa kwa wingi. Tofauti alizochagua mnunuzi ziliwekwa juu ya msingi uleule wa vipuri vinavyofanana.