Kiti cha Mlei Mlimani: Cha Kura au Cha Kuteuliwa?

Kabla ya misheni kufika chini ya Mlima Kenya, Mkikuyu aliyetaka kuketi kwenye kiama, yaani baraza la wazee, hakuomba kura wala hakusubiri barua ya uteuzi. Alingoja umri, akapata watoto, akatoa mbuzi. Wamisionari wa Scotland walipofungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908, wenyeji walikuwa wamezoea kuongozwa na wazee, na kanisa la Presbiteri nalo huongozwa na wazee. Kufanana huko kulikuwa kwa juu juu tu. Mzee wa kanisa alichaguliwa, akawekwa wakfu, na mbuzi wake akabaki zizini.

Wazee hao hawakuwa pambo. Mwaka 1920 baraza la wazee la misheni hiyo ya Waskoti huko Thogoto lilimwita kijana aliyeitwa Johnstone Kamau ajieleze, kwa kuwa alimwoa Grace Wahu kimila. Ndiye aliyekuja kuwa Jomo Kenyatta.

Kisha ukaja mwaka 1929. Wamisionari walipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, watu wengi waliondoka na kujijengea shule zao, nyingi zikiwa chini ya KISA, chama cha shule huru za Wakikuyu kilichoongozwa na Johana Kunyiha. Hapo mambo yakageuka. Walei walikuwa na kamati, madarasa na michango, lakini kasisi hawakuwa naye. Wakaamua kumtafuta. Mwaka 1935 Daniel William Alexander, askofu wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini, alikuja kwa mwaliko wao, akafundisha Gituamba huko Murang'a, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 akawaweka wakfu makasisi. Kwingineko askofu huteua walei. Hapa walei walijiletea askofu, tena wa muda.

Waanglikana walipita njia nyingine. Katika sinodi ya dayosisi huketi makasisi pamoja na walei waliochaguliwa, lakini yuko mlei asiyepigiwa kura: chansela, mwanasheria anayeteuliwa na askofu. Nyeri ilipopata dayosisi yake ya Mlima Kenya Magharibi mwaka 1993, ilirithi utaratibu huo. Mimi siuoni ubaya wake. Hatimiliki ya shamba la kanisa haifai kusomwa na mtu aliyeshinda kura kwa sababu anaimba vizuri.

Kwa Wakatoliki ndiko minong'ono kuhusu walioteuliwa huzidi. Wamisionari wa Konsolata walifika Tuthu mwaka 1902, na mwaka 1964 Caesar Gatimu akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Nyeri, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukiendelea. Baadaye, maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kulijenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, uchaguzi ulianzia huko chini na kupanda hadi baraza la parokia. Padre naye huongeza watu wake: mhasibu, mwalimu mkuu, muuguzi mstaafu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai kila parokia iwe na baraza la fedha, na hesabu zinahitaji wanaozijua.

Watu wa Othaya na Mukurwe-ini, waliozoea kuchagua kamati za vyama vya kahawa, wanaelewa mvutano huu bila kufundishwa. Aliyechaguliwa unamng'oa kwenye mkutano mkuu. Aliyeteuliwa hana mkutano wa kumng'oa. Lakini wanajua pia kwamba kura nyingi hazikuwahi kumzuia mtu kula pesa za wakulima. Tena ni makanisa yenyewe yaliyowafundisha kudai kura: mwaka 1986 wachungaji wapatao 1,200, wakikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliukataa upigaji kura wa mlolongo, wa kupanga foleni hadharani. Ni vigumu kumtetea mpiga kura mbele ya serikali kisha umnyamazishe parokiani.

Mwaka 2023 Papa Francis aliongeza watu 70 wasio maaskofu kwenye Sinodi ya Maaskofu, wengi wa wajumbe wake wakiwa wamechaguliwa na mabaraza ya maaskofu ya nchi zao. Aliwateua yeye mwenyewe, akataka nusu yao wawe wanawake, akawapa haki ya kupiga kura. Wangengoja kuchaguliwa na maaskofu, wanawake hao wangengoja sana. Sinodi, hata hivyo, humshauri Papa tu, kama baraza la parokia linavyomshauri padre: linaweza kukubaliana kwa kauli moja, waliochaguliwa na walioteuliwa pamoja, na bado yeye akaamua vingine.